Maleba au Ushahidi? Vitu Mkononi katika Picha za Kumaliza Sekondari

Wanafunzi wa fasihi wanalifahamu neno maleba. Ni mavazi na vifaa anavyopewa mwigizaji ili hadhira imtambue mhusika: mfalme taji, mganga tunguri, askari bunduki ya mti. Katika makala haya tunapenda kulitoa neno hilo jukwaani na kulipeleka katika studio za picha za Mbarara na katika makazi ya wakimbizi ya Nakivale. Huko, kijana anayemaliza Senior Four au Senior Six hupenda kupigwa picha ya kumbukumbu akiwa na kitu mkononi: kamusi, mpira, gitaa, kitambaa cha mama. Je, kitu hicho ni maleba, au ni ushahidi wa maisha yake?

Nakivale, iliyomo wilayani Isingiro, ilianza kupokea wakimbizi kutoka Rwanda mwishoni mwa miaka ya 1950. Baadaye walifika Wakongomani, Warundi, Wasomali, Waethiopia na wengineo, na Kiswahili kimekuwa mojawapo ya lugha zinazowaunganisha sokoni na shuleni. Mtoto anayekulia pale hupigwa picha ya usajili wa wakimbizi, na akifika darasa la mtihani hupigwa nyingine ya UNEB. Zote mbili humtaka awe uso tu: macho mbele, hakuna kitu mkononi, hakuna kitu nyuma.

Ukali wa picha za namna hiyo unaonekana vizuri katika kitabu Gulu Real Art Studio cha mwaka 2013. Mpiga picha Martina Bacigalupo alikusanya mabaki kutoka studio moja ya Gulu, kaskazini mwa Uganda. Studio hiyo ilipiga picha kubwa ya mteja, kisha ikakata uso kwa ajili ya kitambulisho. Yaliyobaki ni magauni, makoti, mikono juu ya mapaja, na tundu la mraba mahali pa kichwa. Ajabu ni kwamba mabaki hayo yanatueleza mengi kuliko uso uliokatwa. Picha ya kumaliza shule hufanya kinyume cha mkasi ule: inamrudishia mtu mikono yake.

Hata hivyo, si kila kilichomo mkononi kina maana. Studio nyingi zina vitu vyao: maua ya plastiki, kiti cha kifahari, pazia lenye ghorofa za mji usiojulikana. Wahakiki wepesi watatukumbusha methali isemayo nguo ya kuazima haisitiri matako. Sisi hatukubaliani nao moja kwa moja. Seydou Keïta, aliyefungua studio yake Bamako, Mali, mwaka 1948, aliwaazima wateja wake saa, kalamu na redio, na picha zake leo zinahesabiwa miongoni mwa kazi bora za sanaa ya Afrika. Mteja aliyeshika redio ya kuazima hakudanganya. Alisema anataka kuonekana vipi, na matamanio nayo ni sehemu ya nafsi.

Kwa hiyo kipimo chetu cha kwanza si nani mwenye kitu, bali nani aliyekichagua. Wakimbizi wamezoea kuchaguliwa vitu na wapiga picha wa nje: dumu la maji, foleni ya chakula, turubai. Hayo nayo ni maleba, kwa maana kamili ya neno: mtu amepewa uhusika wa maskini na vifaa vyake. Studio inayompa kila mhitimu ua lilelile la plastiki haijafanya ukatili huo, lakini nayo imemchagulia.

Kipimo cha pili ni mkono wenyewe. Tuchukue mfano wa kijana aliyeshika gitaa asilojua kulipiga. Vidole vinaelea juu ya nyuzi, na jicho letu linaona mara moja. Mwingine ameshika kitambaa kilichokunjwa, na kidole gumba kimeshikilia ukingo usifunguke. Huyu hatuhitaji kuambiwa kwamba kitambaa anakijua. Huko Marekani, ambako wanafunzi wa mwaka wa mwisho hupigwa picha na ala za muziki au vifaa vya michezo, kasoro ni ileile: vitu vikizidi, mkono hupotea. Kitu kimoja kinatosha.

Hapa ndipo mwalimu wa Kiswahili anapoingia. Tunapowapa wanafunzi zoezi la kueleza picha, mara nyingi tunaridhika na sentensi kama “ameshika nguo”. Mwanafunzi kutoka Kongo akiandika “kikwembe cha mama”, kalamu nyekundu hukimbilia kuandika “kitenge” juu yake. Tukifanya hivyo tumekata uso kama mkasi wa Gulu. Kikwembe ni neno la mahali alikotoka, na ndilo alilolisikia kwa mama yake. Tumfundishe neno la Kiswahili sanifu kando ya lile, bila kulifuta.

Tunapendekeza basi kwamba shule zinazokataza vitu katika picha za kuhitimu zilegeze kamba kidogo: kitu kimoja, kilichochaguliwa na mwanafunzi, hata kama ni cha kuazima. Nyuma ya picha aandike kwa mkono wake sentensi tatu: kitu kinaitwaje, kimetoka wapi, na kwa nini amekishika. Baadhi ya vijana hawa watahamishiwa nchi za mbali, na wengine watabaki wakati ndugu zao wanaondoka. Picha itafika mahali ambapo hakuna wa kuieleza, na sentensi hizo tatu ndizo zitakazofanya kazi hiyo.