Je, mwanafunzi anaweza kumfundisha mwenzake kuandika?

Katika seminari tunazoea kusema kwa Kilatini: Nemo dat quod non habet, ni kusema, mtu hawezi kutoa kitu asicho nacho. Neno hili ni la kweli. Tena ndilo neno la kwanza waalimu wengi wanalolitoa wakisikia kwamba katika universite nyingi za Marekani wanafunzi wanawekwa kuwasaidia wanafunzi wenzao katika kazi ya kuandika. Wanauliza: kijana wa miaka 20, ambaye yeye mwenyewe anaandika na makosa, atampa mwenzake nini? Kipofu atamwongoza kipofu?

Swali hili linastahili jibu. Mmoja wa wale walioifikiri kazi hiyo kwa bidii ni profesa Kenneth Bruffee wa Brooklyn College, mjini New York, aliyefariki mwaka wa 2019. Tuyapime mafundisho yake: tusifu yanayostahili sifa, tukatae yasiyo ya haki, kisha tuone faida yake kwa nyumba zetu za masomo.

Kwanza tujue shida ilitoka wapi. Mwaka wa 1970 Universite ya Mji wa New York ilifungua milango yake kwa kila kijana aliyemaliza masomo ya sekondari ya mji ule. Madarasa yakajaa watoto wa maskini na wa wahamiaji, vijana ambao Kiingereza cha vitabu hakikuwa luga ya nyumbani kwao. Bibi Mina Shaughnessy, wa City College, alisoma maandishi yao ya kuingia, karibu 4000, na mwaka wa 1977 akatoa buku iitwayo Errors and Expectations. Alionyesha kwamba makosa yale hayakuwa alama ya ujinga. Yalikuwa na sababu zake na ginsi yake, na mwalimu mwenye subira angeweza kuyaelewa. Lakini Bruffee aliona shida nyingine: wengi wa vijana wale walikataa msaada uliowekwa kwa ajili yao. Kuketi mbele ya mwalimu wa kuwasaidia kulikuwa kwao sawasawa na kurudi katika darasa lile lile lililowashinda.

Kwa hiyo akawaweka wanafunzi wenyewe kusaidiana. Na hapa hekima yake inaonekana: hakuwatuma kazini bila mafundisho. Mwenye kukubaliwa kuwa msaidizi alifuata kozi ya kuandika chini ya profesa, na kozi hiyo ilihesabiwa katika masomo yake. Njia yake imefasiriwa katika buku A Short Course in Writing, iliyotoka mara ya kwanza mwaka wa 1972.

Njia ni hii. Kila msaidizi anaandika maandishi yake mwenyewe na kuyatoa mikononi mwa mwenzake. Katika hatua ya kwanza mwenzake hana ruhusa ya kusifu wala kulaumu. Kwa kila fungu anaandika maneno mawili tu: fungu hili linasema nini, na fungu hili linafanya kazi gani, ni kusema, kama linaanzisha shauri, ao linajibu pingamizi, ao linaleta mfano. Katika hatua ya pili anaweza kuhukumu: mawazo yanashikamana? Luga ni wazi? Katika hatua ya tatu anashindana na mwandishi juu ya jambo lenyewe. Mwandishi naye anajibu kwa maandishi. Profesa anayasoma yote, na anapima pia namna kila mmoja alivyosoma kazi ya mwenzake.

Hatua ya kwanza ndiyo tunayoisifu zaidi. Tuseme kijana ameandika juu ya uhuru wa mtu. Mwenzake anaandika: « Fungu la tatu linasema kwamba mtu hana hatia akiogopa. » Mwandishi anashangaa: hakutaka kusema hivyo hata kidogo. Hakuna aliyemwambia kwamba amekosa; ameona mwenyewe umbali kati ya wazo lake na karatasi yake. Mwalimu mwenye kalamu nyekundu ni shida kumfikisha pale, kwa sababu mwalimu anajua mapema jambo ambalo mwanafunzi alitaka kusema, naye analijaza kimoyomoyo.

Basi tulijibu lile neno la Kilatini kwa kutofautisha. Msaidizi hawezi kutoa elimu asiyo nayo: ndiyo. Lakini kuna kitu anacho, na mwandishi hana: macho ya mtu mwingine. Kozi ya Bruffee haiwafanyi vijana kuwa maprofesa wadogo; inawafundisha kutumia macho hayo kwa haki na kwa utaratibu.

Mtu wa seminari atasema: jambo hili si jipya. Ratio Studiorum ya Wajezuiti, ya mwaka wa 1599, iliweka wanafunzi walioitwa decuriones kusikiliza masomo ya wenzao na kukusanya maandishi yao. Ni kweli. Lakini decurio alikuwa jicho la mwalimu: alimpasha mwalimu habari za kila mmoja. Msaidizi wa Brooklyn anasimama upande wa mwandishi. Tofauti hiyo ni kubwa, nasi tutairudilia.

Sasa tuje kwa yale tusiyoyakubali. Mwaka wa 1984 Bruffee alitoa andiko lililosifiwa sana, Collaborative Learning and the « Conversation of Mankind ». Humo anafundisha kwamba kufikiri ni mazungumzo yaliyoingia moyoni. Hilo linafaa sana. Lakini anaendelea mbele na kufundisha kwamba elimu yenyewe inatengenezwa na mapatano ya watu wenye kuzungumza pamoja. Hapa filosofia yetu haiwezi kumfuata. Ukweli ni kulingana kwa akili na kitu kilivyo, na kundi zima linaweza kupatana katika kosa. Katika Marekani kwenyewe John Trimbur aliandika mwaka wa 1989 kwamba mapatano yanaweza kufunika sauti za wale wanaopingana na wengi. Msaidizi aliyefundishwa kutafuta mapatano tu atakosa nguvu siku ile anapopaswa kumwambia rafiki yake: ndugu, jambo hili si kweli.

Wengine waliokuja nyuma walizidisha ukimya huu kwa njia nyingine. Mwaka wa 1991 Jeff Brooks alishauri kwamba msaidizi asishike kalamu, akae kando ya mwandishi, karatasi iwe karibu na mwenyewe, na mwandishi afanye kazi yote. Nia yake ni safi: kazi ibaki ya mwenye kazi. Lakini katika nyumba nyingi shauri hilo liligeuka sheria: msaidizi aulize tu, asifundishe. Mwaka wa 1995 Linda Shamoon na Deborah Burns waliipinga sheria hiyo. Walikumbusha kwamba mwanamuziki hujifunza kwa bwana wake anayemwonyesha kwa mkono namna ya kupiga. Nasi tunakubaliana nao. Mtu asiyejua kanuni ya luga fulani hataipata moyoni mwake hata akiulizwa maswali mia. Kumnyima jibu unalolijua si kumheshimu. Ni kumwacha njiani.

Kwetu Kongo jambo hili linaonekana wazi. Kijana wa Bukavu amenyonya Mashi, ametembea sokoni na Kiswahili, amepata Kifaransa shuleni, kisha seminari inamwongezea Kilatini. Anaombwa kuandika kurasa nyingi juu ya Mtakatifu Tomaso katika luga yake ya tatu. Akikosa msaada wa haki, atatafuta usio wa haki: atanakili buku, atamlipa mtu amwandikie, ao leo ataagiza programu ya kompyuta imwandikie. Sisi tutasoma kurasa safi na kufurahi, kumbe hatukumfundisha kitu. Kijana aliyezoea kuweka jina lake chini ya maneno ya wengine, kesho atapanda kuhubiri kwa maneno ya nani?

Ndiyo sababu wasaidizi wangefaa nyumbani mwetu, lakini kwa masharti matatu. La kwanza: wafundishwe. Kumchagua anayepata pointi nyingi na kumwambia « saidia wenzako » si mafundisho. Wapewe muda katika ratiba, waandike wao kwanza, wasomwe wao kwanza, wapite hatua zile tatu. Aliyeumia kidogo kwa kusomwa atasoma wengine kwa upole.

La pili: msaidizi aulize mwandishi alitaka kusema nini, lakini kanuni ya Kifaransa anayoijua aifundishe bila haya, kwa mfano mmoja, kisha amwache mwenzake atengeneze fraze nyingine mwenyewe. Na asipojua, aseme « sijui », waende pamoja kwa mwalimu. Hivyo Nemo dat quod non habet inabaki sheria yake.

La tatu ndilo zito: msaidizi asiwe decurio. Katika seminari kijana hapimwi kwa mtihani tu. Anapimwa kama anafaa kwa upadri. Akijua kwamba udhaifu wa ukurasa wake utafika kwa wakubwa, hatauonyesha kamwe. Sheria ya Kanisa, kanoni 240, inakataza kuuliza shauri la padri wa roho ao la muungamishi wakati wa kuamua juu ya kumpa mseminari daraja takatifu ao kumfukuza. Maandishi si maungamo, tusichanganye mambo. Lakini hekima ni moja: mahali mtu anapoonyesha udongo wake kusudi afinyangwe, pasiwe mahali pa kumhukumu.

Mwaka wa 2010 Hughes, Gillespie na Kail walitoa majibu ya wasaidizi wa zamani 126 wa universite tatu, moja yao Marquette ya Wajezuiti. Wasaidizi walishuhudia kwamba kazi ile iliwafundisha kusikiliza, kusoma vizuri na kujiamini. Tunaamini ushuhuda wao. Lakini waliohojiwa ni waliosaidia. Hesabu nyingine ni ya wale waliosaidiwa. Nyumba itakayojaribu kazi hii iwaulize hao kwanza. Na swali lisiwe tu kama walipata pointi. Liwe hili: ukurasa huu ni wako? Unaweza kuufasiria mbele yetu, bila karatasi?