Vikosi Vinavyolinda Mitandao

Pesa inayotumwa kwa simu kutoka Makiso kwenda Lubunga, ng'ambo ya mto Kongo mjini Kisangani, hupita kwenye mitambo ambayo usalama wake hutegemea watu asiowajua mtumaji: vikosi vya kukabili mashambulizi ya kompyuta. Mnamo Novemba 1988 programu moja haribifu ilikwamisha maelfu ya kompyuta nchini Marekani, na mafundi wakaona hasara ya kupambana kila mtu kivyake. Mwaka 1990 ikaundwa FIRST, jumuiya ya kimataifa ya vikosi hivyo. Barani Afrika ipo jumuiya ya aina hiyo, AfricaCERT. Kenya na Tanzania zina vikosi vya kitaifa.

Kulipa ada hakutoshi kuwa mwanachama wa FIRST. Kikosi hudhaminiwa na waliotangulia, kisha hutembelewa na kukaguliwa. Ugumu mkubwa ni kuaminiana. Benki iliyoibiwa huona aibu kusema, nayo ikinyamaza, mwizi huhamia kwa jirani na mbinu ileile. Ndiyo maana taarifa hupewa rangi: yenye nyekundu haivuki masikio ya waliopewa, isiyo na kizuizi hutangazwa kwa wote. Kazi yenyewe inachosha: kusoma kumbukumbu za mitambo mstari kwa mstari, kuandika onyo usiku, kumsihi mwenye seva asiyeamini kwamba ameingiliwa. Ikifanikiwa, mteja haoni chochote, wala hajui wa kumshukuru.

Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, nchi ya Kisangani, ilipata sheria yake ya mambo ya kidijitali Machi 2023. Lakini sheria peke yake hailindi mitambo: mafundi wa Kisangani nao wafunguliwe mlango wa jumuiya hizi.