Sinatra Alipoifuta Huzuni

Kila Novemba supamaketi za Nairobi huanza kutupigia "Have Yourself a Merry Little Christmas", nasi tunasukuma toroli kana kwamba ni wimbo wa furaha. Kwani kuna mtu huusikiliza?

Uliandikiwa filamu ya Meet Me in St. Louis iliyotoka 1944, vita vikiwa bado vinaua. Ndani ya filamu familia inakaribia kuhama mji, na Judy Garland anamwimbia mdogo wake asiyetaka kuhama. Mtoto hafarijiki hata kidogo: anatoka mbio na kuvunjavunja sanamu za theluji zilizo uani. Hapo ndipo ninapouamini wimbo. Unabembeleza, unashindwa, na filamu haifichi kwamba umeshindwa.

Maneno ya kwanza ya Hugh Martin yalikuwa mazito zaidi. Yaliashiria kwamba hii huenda ikawa Krismasi ya mwisho. Garland alikataa, akihofia kuonekana katili kwa kumwimbia mtoto hivyo. Hapo sina ugomvi naye. Maneno yakalainishwa, lakini likabaki wazo moja: hadi siku ya kuonana, tutajikokota tu. Mwanajeshi aliye mbali na kwao hakuhitaji kufafanuliwa.

Kisha 1957 Frank Sinatra akaomba mstari huo uchangamshwe kwa albamu yake ya Krismasi. Martin akaweka nyota juu ya mti. Nyota, bana! Na hilo ndilo toleo wanaloimba wengi leo. Ukitaka kujua kilichofutwa, tafuta ule wa Garland, na usiuzime kabla mtoto hajazifikia zile sanamu.