Jukwaa Lisilo na Mgongo

Shule ikitaka kuonyesha mchezo, kwanza meza husogezwa mbele, shuka hutundikwa kama pazia, watazamaji hupangwa upande mmoja. Jukwaa hilo la kumbi za Ulaya lina faida zake, hasa kuficha mabadiliko ya onyesho. Lakini ngoma ya sangula ya Wapogoro, huku bonde la Kilombero, ina jukwaa jingine: uwanja mtupu uliozungukwa na watu. Kwangu hilo ndilo linalomkomaza msanii. Ndani ya duara hakuna pembe ya kupumulia. Ukimpa mmoja kisogo, mwingine anakutazama usoni, hivyo kisogo chenyewe hakina budi kuigiza. Bega likilegea na kisigino kikisita, kuna aliyeona. Hata maleba hayapambwi mbele tu.

Tuipime hoja hii kwa Kinjeketile, tamthilia ya Ebrahim Hussein iliyochapishwa mwaka 1969. Ni tanzia ya vita vya Maji Maji, na bonde hili linahusika nayo: Wapogoro na Wambunga walikuwa miongoni mwa walioshambulia boma la Wajerumani pale Mahenge tarehe 30 Agosti 1905, katika vita hivyo hivyo. Mhusika mkuu anaingia mtoni, anapotea, kisha anarudi na maji yanayosemekana kuwakinga wapiganaji na risasi. Penye pazia kazi ni nyepesi, anatokea ubavuni basi. Kwenye duara ubavu haupo; lazima aingie katikati ya watazamaji, wamfunike wao, wamtoe wao. Mto unakuwa watu. Na baadaye, anapokataa kuwaambia wapiganaji kuwa maji yale ni uongo, mtazamaji hawezi kujifanya yuko mbali: ni yeye aliyemtoa majini.

Watasema sangula ni ngoma, si tamthilia, kwa kuwa haina wahusika wala mgogoro. Kweli, na sioni sababu ya kuipa cheo kisichokuwa chake. Ninachokisifu ni uwanja wake na ustadi unaodaiwa humo. Pingamizi zito ni jingine: ramsa na futuhi hunoga duarani, ila tanzia inahitaji utulivu, na duarani mmoja akicheka wote wanamwona. Hatari hiyo ipo. Hata hivyo Shakespeare, ambaye jukwaa lake la Globe mjini London lilizungukwa na watu pande tatu, alimwingiza bawabu mlevi katika Macbeth mara tu baada ya mfalme kuuawa, na tanzia haikuvunjika. Kicheko kikishikwa na mwigizaji hodari huzidisha hofu. Kikimponyoka, kosa ni la maandalizi, si la duara.

Kwa hiyo mwalimu wa Ifakara atakayeichezesha Kinjeketile aache shuka kabatini. Awatoe wanafunzi uwanjani, awazungushie watazamaji, na mazoezi ya kwanza yawe ya kutembea tu, huku wenzao wakiwatazama kutoka nyuma.