Madigadi na Fundi Wake

Katika viungo vyote vya gari, injini ndiyo ipatayo sifa nyingi, na baada yake husifiwa gia, springi na tairi; lakini madigadi, ambayo hukaa juu ya gurudumu ikipokea tope, kokoto na miiba kwa niaba ya wenzake, aghalabu haikumbukwi ila siku inapobonyea. Leo nataka kuisemea, pamoja na mafundi wanaojua kuichagua, kuipima na kuinyoosha. Mtu awezaye kulichagulia gari la porini madigadi inayolistahili si mtu wa maarifa haba, kwa sababu ikhtiari hiyo humtaka ajue kwa wakati mmoja ardhi atakayoipita, madini yaliyoifanya madigadi yenyewe, na mkono wa fundi atakayeitengeneza siku itakapofikwa na madhara.

Ardhi hutangulia mambo yote. Barabara ya lami haidai mengi, na gari la mjini laweza kuvikwa madigadi iliyokumbatia tairi kwa karibu likapendeza macho wala lisipate taabu. Mwenye safari za Serengeti au Tsavo ana hesabu nyingine. Masika yanapoingia, udongo mweusi wa mbugani hugeuka ulimbo: haurushwi pembeni kama tope la mchanga, bali hunata juu ya tairi, hupanda nayo, hujaza nafasi iliyo chini ya madigadi, na hushindiliwa kwa kila mzunguko, hata gurudumu likakataa kuzunguka ilhali injini ingali na nguvu zake zote. Hapo dereva hana budi kushuka, kuinama na kuchokonoa kwa panga au kwa kijiti, na akisha safisha gurudumu moja, la pili humwita. Mtu aliyeipata adhabu hiyo haulizi tena madigadi ipi ni nzuri kwa sura; huuliza ipi imeachana na tairi kwa nafasi ya kupitisha mkono ulioshika panga.

Lakini uwazi nao una mpaka wake. Madigadi iliyo fupi mno, au nyembamba kuliko upana wa tairi, huliacha gurudumu lichungulie nje, na gurudumu lichunguliaye nje katika barabara ya changarawe hurusha mawe kwenye milango ya gari lenyewe na kwenye kioo cha gari lifuatalo nyuma. Basi ustadi wa kuchagua umo katika kupatanisha haja hizi mbili, nafasi ya juu na stara ya pembeni, wala haja moja isimezwe na nyingine.

Wahandisi wa magari ya namna hii waliufahamu upatanisho huo mapema. Jeep ya Willys iliyoingia vitani mwaka 1941 ilikuwa na madigadi bapa, zilizokunjwa kwa mistari iliyonyoka, kwa kuwa vita havikuwa na wasaa wa mapambo. Na ubapa ule ukawa kiti cha askari, meza ya ramani na mahali pa kuweka sahani ya chakula. Maurice Wilks, aliyekuwa mkuu wa uhandisi katika kampuni ya Rover ya Uingereza, alikuwa na Jeep moja ya mabaki ya vita katika shamba lake huko Anglesey, na kutokana na Jeep hiyo likazaliwa wazo la Land Rover, gari lililoonyeshwa hadharani mara ya kwanza mjini Amsterdam mwezi wa Aprili, 1948. Chuma cha bati kilikuwa adimu Uingereza baada ya vita, nacho kilitolewa kwa mgao. Kwa hiyo bodi ya gari hilo ikafanywa kwa Birmabright, mchanganyiko wa alumini na magnesiamu, madini mepesi ambayo kwa ujazo mmoja uzito wake hupata kama theluthi moja tu ya uzito wa chuma.

Jambo lililoletwa na dhiki likadumu kwa manufaa. Madigadi za mbele za Land Rover zilifungwa kwa bolti, basi mtu mwenye spana za kawaida huweza kuivua iliyopondeka akavika nyingine pasipo kuomba msaada wa mashine. Tena zilikuwa na pembe zilizo dhahiri, ambazo dereva aketiye kitini huziona zote mbili, akajua gurudumu lake limekaribia jiwe kwa kiasi gani kabla ya kuligusa. Umbo lake lilibadilika kidogo kidogo kwa miaka, na taa zikahamishwa kutoka katikati zikawekwa ndani ya madigadi zenyewe, lakini shauri la msingi lilibaki lile lile mpaka gari la mwisho la ukoo huo, lililokwisha kuitwa Defender, lilipotoka kiwandani Solihull tarehe 29 Januari, 2016.

Baada ya ardhi na umbo huja madini, na hapa mnunuzi mwenye haraka hudanganyika upesi, kwa maana kila madini yana adui yake. Chuma, ambacho ndicho bodi ya Toyota Land Cruiser, kina nguvu na huvumilia kupigwa, lakini hewa ya chumvi ya Mombasa, Tanga na Unguja hukila bila huruma; na kutu haianzi mahali panapoonekana, huanza ndani ya mkunjo wa ukingo, ambako tope lililolala na unyevu wake hufanya kazi ya siri hata rangi ya nje inapofura na kupasuka. Alumini haina kutu nyekundu, na wengi hudhani kwamba kwa sababu hiyo ni salama milele. Sivyo. Inapogusana na chuma, maji ya chumvi yakaingia kati yao, alumini ndiyo huliwa, ikaacha unga mweupe kuzunguka bolti. Ndiyo sababu fundi mwangalifu hutenganisha madini hayo mawili kwa mpira au kwa rangi nzito kabla ya kukaza nati. Na asafiriye kandokando ya Ziwa Natron au Ziwa Magadi akumbuke kwamba magadi nayo huishambulia alumini, jambo ambalo mpishi yeyote aliyechemsha maharage kwa magadi ndani ya sufuria amekwisha liona kwa weusi uliobaki. Gari lililotoka huko lioshwe chini ya madigadi kabla halijaoshwa boneti.

Zipo pia madigadi za faiba, na za plastiki. Haziliwi na kutu, ni nyepesi, na umbo lake hufinyangwa upendavyo. Lakini madini hubonyea, na kilichobonyea hunyooshwa. Faiba hupasuka, na kuiunga kwataka gundi yake na kitambaa chake, vitu vipatikanavyo mjini wala visipatikane katika duka la kijijini baina ya sukari na mafuta ya taa.

Fundi aliyekomaa hatosheki kuliona gari limesimama sawa juu ya sakafu ya gereji. Hulipandisha gurudumu moja la mbele juu ya gogo mpaka springi ijikunje yote, akaupaka chaki ukingo wa tairi, kisha humwamuru dereva auzungushe usukani mpaka mwisho wa kulia na mpaka mwisho wa kushoto, naye mwenyewe amechutama kando akitazama. Tairi ikiigusa madigadi popote, weupe wa chaki hubaki ukitoa ushahidi, na hapo ndipo atakapokata, atakapokunja au atakapokataa kabisa. Mwenye gari aliyetoa tairi nyembamba za 7.50-16 akavika tairi pana kwa sababu amependezwa nazo, pasipo jaribio hili, atasikia mlio wa kusagana katika shimo la kwanza.

Ustadi huo huo huonekana pale anapokagua madigadi iliyokwisha tumika, kama zile zinazouzwa Grogan mjini Nairobi na Gerezani mjini Dar es Salaam. Ikiwa ni ya chuma huipitishia sumaku ndogo: inaposhika, chuma kipo, inapoteleza na kuanguka, chini ya rangi hiyo nzuri pana puti iliyoziba tundu. Kwa alumini sumaku haina hukumu, basi huigonga kwa kifundo cha kidole, maana bati tupu hulia na puti hutoa sauti butu. Kisha huweka kitambaa chepesi kati ya kiganja na bati, akasugua polepole huku ametazama kwingine, kwa kuwa kiganja hutambua mawimbi ambayo jicho, likihadaiwa na mng'ao, haliyaoni.

Lakini staha yangu kubwa kabisa naiweka katika kazi ya kunyoosha alumini. Madini haya huzidi ugumu kila yanapogongwa, na yakigongwa kupita kiasi hupasuka. Dawa yake ni moto, na katika moto ndimo ulimo mtihani. Chuma kikipata joto hujitangaza kwa wekundu, lakini alumini haitoi onyo: huyeyuka karibu na nyuzi 660 ingali na rangi yake ile ile, na asiyejua hushtukia tundu mahali palipokuwa na bonyeo. Basi fundi huipaka sabuni ya mche sehemu iliyokunjamana, akapitisha moto kwa mbali, taratibu, wala hautulizi mahali pamoja. Sabuni hugeuka hudhurungi, kisha nyeusi. Hapo hapo moto huondolewa, kwa kuwa madini yamelainika. Hushika kwa ndani chuma laini cha kupokelea, na kwa nje nyundo ya mti, akaanza pembezoni mwa bonyeo akielekea katikati kwa mapigo mepesi yanayofuatana. Puti kwake ni ya kufuta mikwaruzo ya mwisho. Fundi anayeanza na puti amekiri kwamba hajui nyundo.

Nimewasikia watu wakisema kwamba kazi hii ni ya mikono michafu, na kwamba gari la kisasa halihitaji ila kubadilishiwa kiungo kizima. Kwa aliye karibu na duka la vipuri, tena mwenye mali ya kutosha, yamkini ni kweli. Lakini gari la porini huharibika porini, na huko thamani ya kiungo haipimwi kwa upya wake. Hupimwa kwa wepesi wa kukirudisha kazini. Kwa insafu hiyo naona madigadi ya madini, iliyofungwa kwa bolti, yenye nafasi ya kutosha juu ya tairi na upana wa kuisitiri, huishinda kila madigadi ya fahari iliyobandikwa ili gari lionekane pana mbele ya hoteli.

Basi, ndugu msomaji, ikiwa umenuia kulivika gari lako madigadi mpya, usianze na rangi wala na bei. Nenda kwanza kwa fundi bodi wa njia utakayoipita, umwulize ni madigadi ya namna gani awezayo kuinyoosha kwa zana alizo nazo. Akisha kukujibu, inunue hiyo, na siku atakapokutengenezea umlipe ujira wake wote pasipo kumvuta.