Mwekezaji Aliyejificha Ndani ya Kitabu Chake

Kuna kijana mmoja wa Kisarawe ametengeneza programu ya simu ya kuwaunganisha wakulima wa mihogo na wanunuzi wa Dar. Aliniomba kitabu. Si vile vya "amka saa kumi alfajiri utajirike", hivyo anavyo tele kwenye simu. Alitaka kitabu cha mtu aliyewahi kutoa hela yake akaitia kwenye teknolojia hapa hapa Tanzania, aone mtu wa namna hiyo anafikirije. Nikampa *Tanzania's Industrialisation Journey, 2016–2056*, kwa sababu jina la kwanza kichwani mwangu lilikuwa Ali Mufuruki. Baada ya wiki mbili akanirudishia. "Kaka, kitabu kizuri. Ila mwenyewe yuko wapi humu?"

Nilicheka, halafu sikuwa na jibu. Makala haya ni jaribio la kumjibu.

Kwa wasiomfahamu: Mufuruki alisomea uhandisi Ujerumani, akarudi nyumbani, na mwishoni mwa miaka ya 1980 akaanzisha Infotech, kampuni iliyoanzia kwenye kompyuta. Baadaye ilipanuka mpaka kuendesha maduka ya Woolworths Tanzania na Uganda. Aliongoza bodi ya Wananchi Group ya Kenya, watu wa intaneti na televisheni ya kulipia, na bodi ya Vodacom Tanzania. Alikuwa mwenyekiti wa jukwaa la wakurugenzi wakuu wa makampuni nchini. Alifariki Johannesburg, Desemba 2019, akiwa na miaka 61.

Sasa simama kidogo hapo kwenye kompyuta. Mwaka 1974 serikali ya Tanzania ilipiga marufuku kuingiza kompyuta nchini. Ndiyo, kompyuta. Marufuku hiyo ilikuja kulegea katika miaka ya 1980, na ni katika upenyo huo ambapo mtu anaacha maisha ya mhandisi Ulaya na kuja kuuza kitu ambacho juzi juzi kilikuwa haramu, kwa wateja ambao wengi hawajawahi kukigusa. Hiyo peke yake ni riwaya. Mteja wa kwanza alikuwa nani? Benki ilimwambia nini? Nyumbani walimwonaje? Fungua kitabu, utafute. Hutayapata hayo.

Utakachopata ni kazi ya watu wanne: Mufuruki, Rahim Mawji, Gilman Kasiga na Moremi Marwa, iliyotoka 2017, wakati nchi nzima inaimba viwanda. Hoja yao imo kwenye jina refu la kitabu: kwamba Tanzania inaweza kutoka kwenye kilimo na kuwa nchi ya kisasa ya viwanda ndani ya miongo minne. Ni kitabu cha sera, cha takwimu, cha kujilinganisha na nchi zilizotutangulia. Na nisieleweke vibaya, nakiheshimu. Wafanyabiashara wetu wakubwa wengi hawaachi nyuma hata ukurasa. Hawa walikaa chini wakaandika jambo linalozidi faida zao wenyewe, tena wakalipa muda wa miaka 40, wakati mipango yetu mingi haivuki uchaguzi ujao. Mwaka 2056 yule kijana wa Kisarawe atakuwa anaukaribia uzee. Kumwandikia mtu kitabu cha maisha yake yote ya kazi ni heshima.

Lakini sauti ya kitabu ni ya kamati. Anayezungumza ni "nchi", ni "sekta", ni "uchumi". Hakuna mtu anayetoka jasho.

Mweke pembeni yake Reginald Mengi. Kitabu chake cha 2018, *I Can, I Must, I Will*, kina "mimi" mara tatu kwenye jina tu! Mengi anakupeleka Machame kwenye umaskini wa utoto wake, anakupeleka Uingereza kwenye uhasibu, anakurudisha Dar kwenye zile kalamu alizoanza kuziunga nyumbani kwake. Unamwona mtu. Tatizo lake ni jingine: kila shimo analoanguka limeshageuzwa kuwa ngazi kabla hujalitazama. Maana ya kila jambo inajulikana tangu mwanzo, kwamba mwisho atashinda. Kwa hiyo Mengi ametupa mtu asiye na mashaka, na Mufuruki ametupa mashaka ya nchi yasiyo na mtu.

Kwa nini hili linaniuma? Kwa sababu ya mahali ninaposomea. Hapa Kibaha kuna kituo cha daladala kinaitwa TAMCO. Kondakta analitaja jina hilo mara mia kwa siku, na abiria wengi hawajui kwamba lilikuwa jina la kampuni, kwamba hapo yalikuwa yanaunganishwa malori ya Scania. Kiwanda kikafa, jina likabaki kwenye midomo ya makondakta. Leo eneo hilo liko chini ya Shirika la Maendeleo la Taifa, NDC, na humo kuna kiwanda cha viuadudu vya kuua viluwiluwi wa mbu, kilichojengwa kwa teknolojia ya Cuba na kuzinduliwa 2015. Mbele kidogo kuna Shirika la Elimu Kibaha, lililoanza 1963 kama mradi wa nchi za Nordic: shule, afya na mafunzo ya wakulima kwa pamoja. Mwaka 1970 wakawakabidhi Watanzania. Kwa lugha ya leo tungesema ule ulikuwa mtaji wenye subira, na mwekezaji alijua siku ya kutoka.

Yote hayo yalikuwa maamuzi ya watu. Kuna aliyesema "tuweke hapa", kuna aliyepinga, kuna aliyesaini huku tumbo linamuuma. Kitabu cha sera kinaweza kukueleza kwa nini viwanda vya aina ya TAMCO vilikufa nchi nzima. Hakiwezi kukueleza ilikuwaje kuwa mtu aliyekiamini. Na kijana anayetaka kuweka akiba yake kwenye programu ya mihogo anahitaji hilo la pili kuliko la kwanza, maana takwimu zipo, ila ujasiri wa kupoteza anajifunzia wapi?

Zamani tungemwambia: kwenye riwaya. Lakini tuseme ukweli, fasihi yetu ya Kiswahili haijamtendea mwenye mtaji haki. Si lazima apendwe, namaanisha tu achunguzwe. Katika *Kasri ya Mwinyi Fuad* ya Shafi Adam Shafi, mwenye mali yupo ili tuuone unyama wake, na kwa Unguja ile ilikuwa sawa kabisa. Kezilahabi ndiye aliyethubutu zaidi. Tumaini wa *Dunia Uwanja wa Fujo* (1975) anatapanya urithi, anajirekebisha, anawekeza kwenye shamba, halafu siasa inamkuta, na anaishia kuua na kuhukumiwa kifo. Pale unaingia ndani ya kichwa cha mtu anayeona alichojenga kinachukuliwa. Ni takribani miaka 50 sasa. Tangu hapo tajiri wetu wa riwaya, mara nyingi, ni kitambi na gari jeusi.

Najua utetezi utakaokuja. Utasema Mufuruki alikuwa muungwana, na muungwana hajisifu. Pia mwekezaji anatunza siri za wengine: waliofilisika, waliokopa, waliogombana. Ni kweli, na kama ndivyo alivyoona, naheshimu. Ila kujieleza si kujisifu. Na uwezo alikuwa nao. Msikilize kwenye hotuba yake ya TEDxEuston kule London, anavyowauliza wasikilizaji kama kweli Afrika inainuka, wakati kila gazeti la Ulaya lilikuwa linatuimbia kwamba tunapaa. Pale hakuna kamati. Ni mtu mmoja anayebishana na habari njema inayomhusu yeye mwenyewe, maana mfanyabiashara wa Kiafrika ndiye aliyekuwa ananufaika na wimbo ule. Dakika zile chache zina mtu zaidi kuliko kitabu chote.

Halafu kuna suala la lugha, ambalo silimezi. Vitabu vyote viwili vilitoka kwa Kiingereza. Yule kijana alisoma kwa kamusi, ndiyo maana ya zile wiki mbili. Mama anayelima mihogo, ambaye programu nzima inamtegemea, hakukaribishwa kabisa kwenye mazungumzo ya miaka 40 ya nchi yake.

Mufuruki hatuwezi kumwomba tena. Lakini wapo walio hai. Mbwana Alliy, Mtanzania, alikuwa miongoni mwa walioanzisha Savannah Fund kule Nairobi mwaka 2012, mfuko wa kuwekeza kwenye kampuni changa za teknolojia. Jumanne Mtambalike anaendesha Sahara Ventures hapa Dar. Hawa wamekaa upande wa pili wa meza, wamesema "hapana" mara nyingi kuliko "ndiyo", na bila shaka baadhi ya "ndiyo" zao ziliwagharimu. Andikeni hizo. Kwa Kiswahili, hata kurasa 80 tu.

Nilimrudia kijana wa Kisarawe na jibu langu: mwenyewe hayumo, aliamua kutokuwemo, na sisi wasomaji tumepoteza kitu. Akaniuliza basi asome nini. Nikampa *Dunia Uwanja wa Fujo*. Akageuza jalada, akasoma nyuma, akaniangalia. "Huyu si ananyongwa?"

Nikamwambia ndiyo, ila aanze kusoma pale Tumaini anaponunua shamba.