Salaita Ndani ya Sentimita Nane

Beji ya skauti yenye upana wa sentimita nane haina nafasi ya mapambo ya bure. Ndani ya duara hilo, fundi mmoja wa kudarizi pale Dagoretti Corner ametakiwa atie kilima, mbuyu, mpagazi mwenye mzigo, jina Salaita na tarehe 12.2.1916. Kikosi cha vijana kinakwenda kutembea upande wa Maktau na Taveta, na kila atakayefika atapewa beji ya kushona kwenye blanketi lake la kambini. Kambi ya Rowallan haiko mbali na hapa, kwa hiyo maskauti hawakauki kibandani kwake.

Salaita ni kilima kidogo tu. Siku hiyo ya Februari 1916 Waingereza waliwatuma wanajeshi wa Afrika Kusini wakakitwae kutoka kwa Wajerumani, wakarudishwa nyuma siku hiyo hiyo. Kiongozi wa kikosi, kijana mwenye haraka, alitaka vita vionekane. "Mzee, tumtoe huyu wa mzigo, tuweke bunduki mbili."

"Bunduki kwa ukubwa huu itakuwa kijiti, kijana wangu," fundi akamjibu bila kuinua macho. "Mtu mwenye mzigo kichwani, hata mtoto atamjua."

Ilikuwa hoja ya ufundi, lakini imetenda haki. Wapagazi walikufa kwa makumi ya maelfu katika vita vile, na wengi wanaopita Kariokor kila siku hawajui kuwa mtaa huo ulipata jina lake kutokana na jeshi lao la uchukuzi, Carrier Corps.

Kazi inaanza na kitambaa. Kaki nzito ya kijani inawekewa kitambaa kigumu chini yake ili isikunjamane, kisha vyote vinabanwa katika fremu ya mbao ya mviringo mpaka ukigonga kwa kidole kinalia kama ngoma. Bangili ya ndani ya fremu ameizungushia ukanda wa pamba ili kaki isiteleze. Mchoro unahamishwa kwa kaboni nyeupe, mstari mwembamba ambao uzi utaufunika wote.

Cherehani yake haina mguu wa kukandamiza nguo, wala meno ya kuisukuma. Nguo inakwenda mikono inakoipeleka. Sindano inacheza kushoto na kulia, na upana wa mchezo huo unaamuliwa na goti la kulia, linalosukuma mkono wa chuma chini ya meza. Mguu unatoa kasi, goti linatoa upana, vidole vinatoa njia. Ukimtazama usoni utadhani ametulia tu.

Kilima kinatangulia kwa kuwa kiko nyuma ya vingine. Anapitisha kwanza mishono michache ya kutandika, kisha anaijaza juu yake, uzi kando ya uzi. Mteremko wa kushoto nyuzi zinalala upande mmoja, wa kulia zinalala upande wa pili. Uzi ni ule ule wa kahawia, lakini mwanga unaugawa rangi mbili. Kivuli hicho hakimo kwenye mchoro, amekitia yeye. Shina la mbuyu linafuata: goti linafunguka, kisha linarudi taratibu hadi tawi linaishia kwenye unywele.

Afikapo kwenye miguu ya mpagazi, milimita mbili kila mmoja, anaacha mota. Anazungusha gurudumu kwa mkono, pigo moja, anasogeza fremu kidogo, pigo jingine.

Duara ndilo linalomjaribu fundi: upande wa ndani nyuzi zinasongamana, wa nje zinaachana. Amelizoea, maana kila Februari 22 inapokaribia huletewa beji za kaburi la Baden-Powell kule Nyeri, zenye duara na nukta katikati, alama ya njia ya maskauti isemayo nimekwenda nyumbani. Tumbo la 9 na la 6 likabaki wazi, safi. Lakini herufi L ya Salaita ilikuwa imeinama kidogo. Sikuiona mpaka alipoikata kwa wembe na kuishona upya.

Anageuza beji, anakagua mgongo: uzi mweupe wa chini uonekane katikati tu, theluthi moja ya kila mshono. Kisha ukingo, mizunguko mitatu, anakata kwa mkasi mdogo, anazungusha tena juu ya mkato, na kuunguza vinyuzi kwa kiberiti cha gesi.

Mashine za kompyuta hutoa beji nyingi kwa mkupuo, zote sawa, na kwa kikosi cha mamia hakuna njia nyingine. Kikosi cha watu ishirini kimpelekee fundi wa namna hii. Kiongozi alete mchoro mapema, na ahakikishe tarehe kwanza, kwa kuwa kufumua 1916 ni kazi kubwa kuliko kuidarizi.